Sahihi ya Kaimu

Mdogo wangu ana jina lake zuri alilopewa na baba yetu, lakini kiwandani anakofanya kazi hakuna anayelitumia. Mlinzi wa getini, madereva wa malori, mama wa kantini, hata Meneja Mkuu mwenyewe, wote humwita Kaimu. Jina hilo lilianza kama cheo. Mhasibu Mkuu alipostaafu, mdogo wangu aliandikiwa barua ya kukaimu nafasi yake mpaka apatikane mwenye sifa, na kwa kuwa huyo mwenye sifa hakuonekana wala hakutafutwa, cheo kikageuka jina na jina likamganda. Mwanawe aliulizwa shuleni baba yake anaitwa nani, akajibu bila kufikiri kwamba anaitwa Kaimu. Tulicheka sana siku hiyo, mimi nikiwa wa kwanza. Wifi yangu, mama wa mtoto, hakucheka.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi nzito na pazia la wateja kujaribia nguo. Mdogo wangu hupita hapo akitoka kazini, huvua viatu, hukaa kwenye stuli ya wateja na kunisimulia habari za hesabu nisizozielewa. Ninachojua ni kwamba kwao mwezi hauishi unapoisha. Sisi wengine tukishageuza kalenda, wao bado wanahangaika na mwezi uliopita, wanalinganisha taarifa za benki, wanatafuta stakabadhi iliyopotelea kwenye lori la dereva fulani, wanasema mwezi haujafungwa. Nilimwambia siku moja kwamba watu wa namna yake hata mwaka mpya huwafikia umeshachakaa. Akakubali bila ubishi, maana ni kweli.

Naweza kumlaumu kwa mengi, lakini si kwa uaminifu. Uaminifu wake umepita kiasi, na hapo ndipo hasira zangu zinapoanzia. Ofisi ya Mhasibu Mkuu, chumba cha vioo chenye kiti cha kuzunguka, ilikaa tupu miaka yote aliyokaimu. Yeye alibaki kwenye meza yake ya zamani karibu na kabati la mafaili, juu ya ghala la sponji za magodoro, akivuta harufu ya gundi. Kila Jumatatu aliingia kwenye kile chumba cha vioo na kitambaa, akafuta vumbi kwenye kiti, akatoka. Nilimwuliza kwa nini hakai. Akasema kiti si chake mpaka barua iseme hivyo. Nikamwambia wakubwa wake wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kazi ya Mhasibu Mkuu anaifanya yeye na mshahara wa Mhasibu Mkuu unabaki kwao. Alivaa viatu, akaaga.

Halafu kuna ile sheria yake. Wahasibu wana mwiko mmoja mkubwa: aliyeandaa haidhinishi. Ukiandaa hati ya malipo, lazima mtu mwingine aipitie na kuitia sahihi, hata ungekuwa malaika. Kiwandani mwiko huo ulikuwa umelegea, mpaka keshia mmoja alipojiandalia hati ya posho ya safari na kuitia sahihi mwenyewe pande zote mbili. Safari ilikuwa ya kweli na posho ilikuwa haki yake, lakini Kaimu alimwandikia barua ya onyo vilevile, na yule dada wa watu akalia mbele yake. Baada ya hapo akaandika waraka. Hakuna karatasi ya mtu yeyote wa idara ya fedha itakayopanda kwa Meneja Mkuu kabla haijatiwa sahihi na mkuu wa idara, na hakuna atakayejitilia sahihi mwenyewe. Meneja Mkuu aliupenda sana waraka ule, akaubandika nyuma ya mlango wake. Mdogo wangu alitembea kifua mbele wiki nzima.

Mwaka jana wenye kiwanda walitoa tangazo. Nafasi ya Mhasibu Mkuu ingejazwa mara tu mwaka wa fedha utakapoisha. Anayetakiwa awe na shahada ya uzamili ya uhasibu au ya fedha, na aliyekwisha kupokelewa na chuo kuisomea naye angefikiriwa. Mdogo wangu alinisomea maneno hayo ya mwisho mara mbili. Shahada ya kwanza anayo, uzoefu anao, na kile kiwanda anakijua kuanzia uzi wa kushonea magodoro mpaka kodi. Kilichokosekana ni barua ya chuo tu. Akiipata kwa wakati, atathibitishwa na kile kiti kitakuwa chake. Akiikosa, ataletwa mtu kutoka nje, na atakayemfundisha kazi mtu huyo ni yeye. Kwa mara ya kwanza tangu tukue nilimwona ana hamu ya kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alikuja na vipeperushi vya vyuo, akavitandaza juu ya kitambaa cha mteja mezani kwangu. Nilivisukuma pembeni, nikamwambia aanze taratibu, mimi si mwanafunzi wake. Ndipo nikajua kwamba mtu mwenye shahada ya kwanza akitaka kuendelea na mambo ya uhasibu na fedha, njia ni nyingi kuliko nilivyodhani, na kila njia ina mlinzi wake mlangoni.

Kulikuwa na mitihani ya bodi ya wahasibu, ile inayompa mtu haki ya kuweka herufi nyuma ya jina lake. Hiyo aliwahi kuianza akiwa kijana. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, na sijui nani aliipanga, kwa sababu awamu moja huangukia wakati wa kuhesabu mali ghalani na nyingine wakati wakaguzi wa nje wamejaa ofisini. Kila alipojiandikisha aliombwa na wakubwa avumilie kidogo, naye akavumilia. Kulikuwa na uzamili wa usimamizi wa biashara, masomo ya mwishoni mwa wiki, ambao Meneja Mkuu anao na huutaja hata akiagiza chai. Ofisi ya utumishi ikasema huo hautahesabika, tangazo linataka uhasibu au fedha. Kulikuwa na stashahada ya uzamili, ya mwaka mmoja, nyepesi kuingia, ila tangazo lilisema shahada. Kulikuwa pia na chuo cha nje kinachofundisha kwa mtandao, unasoma ukiwa kwako umevaa kandambili. Wifi yangu aliipenda sana njia hiyo, mpaka tulipoambiwa cheti chake lazima kwanza kihakikiwe na tume ya vyuo vikuu, na tume haina haraka na mtu.

Ikabaki moja, shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha, masomo ya jioni, katika chuo kilicho upande wa pili wa mji. Aliyapenda masomo yenyewe. Alinieleza uchambuzi wa taarifa za fedha, uwekezaji, udhibiti wa ndani, namna ya kuandika tasnifu, macho yakimng'aa kama bwana harusi. Aliniambia kwamba miaka yote hii amekuwa akifunga hesabu bila kupata wasaa wa kuziuliza zinasema nini. Sikuwa nikijua kwamba mdogo wangu ana kiu ya namna hiyo, na niliona aibu kidogo kwa kutomwuliza kabla. Nikatoa kitambaa cha kijivu ambacho mteja mmoja alikiacha akapotea, nikampima mabega. Nikamwambia hilo litakuwa koti lake la siku ya kuthibitishwa.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Shahada yake ya kwanza ni ya daraja la pili la chini, na chuo kile huwapokea watu wa daraja hilo kwa sharti kwamba mkuu wa idara ya fedha wa mahali wanapofanya kazi awathibitishie uzoefu wao. Rafiki hatakiwi, kiongozi wa dini hatakiwi, mkuu aliyestaafu hatakiwi. Anatakiwa mkuu wa idara aliyepo kazini sasa, kisha na mwajiri. Na mkuu wa idara aliyepo kazini, kwa kukaimu, alikuwa yeye mwenyewe.

Nilipomwelewa nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini. Nikamwambia basi kazi imeisha, ajitilie sahihi akalale. Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, ambaye ni mama yangu pia. Akasema hawezi kuandaa na kuidhinisha.

Akapanda kwa Meneja Mkuu. Alinisimulia yote jioni ileile, ameshika magoti. Meneja alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai, akasema bila Kaimu kiwanda kingeshafungwa siku nyingi, akamvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Kisha akainuka, akaufunga mlango na kumwonyesha waraka uliobandikwa nyuma yake.

"Hii si kazi yako?" alimwuliza. "Karatasi ya mtu wa fedha nisiiguse kabla mkuu wa idara hajaisaini. Basi niletee ikiwa imesainiwa, na mimi nitasaini chini yake siku hiyohiyo."

"Mkuu wa idara ni mimi, bosi."

"Basi saini."

"Siwezi kujisainia. Waraka umekataza."

"Sasa unataka mimi ndiye niuvunje waraka wako?"

Meneja akacheka, na mdogo wangu akacheka naye kwa adabu. Aliahidiwa kwamba suala lake litaangaliwa. Kilichonikera zaidi ni kwamba alinisimulia kwa haki, kila mtu akampa upande wake, mwishoni akasema Meneja kwa kweli yuko sahihi, utaratibu ni utaratibu. Hapo nilijichoma sindano kidoleni.

Tangu siku hiyo akaanza kupigwa danadana. Ofisi ya utumishi ilisema inajua likizo zake na siku zake za kuugua, haijui uzoefu wake wa fedha, aende kwa mkuu wa idara. Aliwaandikia wenye kiwanda, wakamjibu kwa heshima kwamba barua zote zipitie kwa Meneja Mkuu. Alikwenda chuoni mwenyewe, akapanga foleni na vijana wenye umri wa wanafunzi wangu wa cherehani, akamweleza karani wa udahili kisa chote. Karani alimsikiliza mpaka mwisho kwa huruma, akamwambia mfumo haukubali. Ukitaka kumchosha mtu siku hizi mwambie mfumo haukubali, maana mfumo hauna uso utakaougombeza.

Nilimshauri amwone Mhasibu Mkuu aliyestaafu, mzee yule anampenda. Akasema sahihi ya mzee iliondolewa hata benki, na barua ya kuiondoa aliiandika yeye. Nikamshauri amwombe keshia. Akasema keshia yuko chini yake, hawezi kumthibitisha mkubwa wake. Nikasema basi nitasaini mimi, nimemjua kuliko wote, nimembeba mgongoni. Alitabasamu kidogo. Wifi yangu alikuwa amekaa pale anapanga vifungo kwenye kopo, akasema taratibu kwamba yeye ameshazoea kuwa mke wa Kaimu, ila asingependa wajukuu nao wazoee.

Siku zikaenda. Nikapiga moyo konde, nikaamua kwenda kiwandani mwenyewe bila kumwambia mtu. Nilivaa gauni langu la kuendea harusini, nikafunga kilemba, nikajipanga maneno njiani. Mimi si mtu wa kunyamazishwa. Wateja wanaonicheleweshea malipo hupita njia ya nyuma wasikutane na mdomo wangu. Katibu muhtasi wa Meneja alinipa kiti na maji ya kunywa, akaniambia nisubiri, mkubwa yuko kikaoni. Nikasubiri mpaka maji yakapata joto. Mlango ulipofunguliwa, akatoka bwana mmoja mwenye sura njema, mwenye haraka, na aliposikia kwamba mimi ni dada yake Kaimu, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Huyu ndugu yako ni nguzo yetu," alisema. "Ninyi mliomlea mmefanya kazi kubwa. Tunamtegemea kuliko mnavyojua."

Maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mbaya, na mtu mbaya ningemweza. Huyu alikuwa mtu aliyeridhika tu. Kwake mambo yalikuwa yanakwenda, magodoro yanatoka, hesabu zinafungwa, Kaimu yupo. Nikasikia mdomo wangu unasema asante. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi kabla sijakumbuka neno la kwanza la yale niliyokuja kuyasema. Nilipokuwa nateremka nilipita mbele ya ofisi ya fedha, mlango uko wazi, na mdogo wangu ameinama mezani, kidole kinapanda na kushuka kwenye safu ya tarakimu, kalamu kaishika kwa meno. Nyuma yake kile chumba cha vioo kilikuwa kinang'aa. Nikakanyaga polepole asinione. Nilitembea nyumbani nikilia kwa hasira, na aliyenikasirisha zaidi ya wote nilikuwa mimi.

Siku ya mwisho ya maombi Meneja alikuwa safarini. Umeme wa nyumbani kwa mdogo wangu ulikuwa umekatika tangu asubuhi, akaomba ruhusa ya nusu siku, akaja kwangu na kompyuta yake begani. Dirisha la maombi lingefungwa saa kumi na moja jioni. Nilimwondolea mteja kwenye stuli, nikamwambia yule mama arudi kesho, nikakaa pembeni ya mdogo wangu nikijifanya napinda pindo. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa ukutani, limeshikizwa kwa nyuzi nyeupe, bado mikono na vifungo.

Kila kitu alikuwa amekijaza. Vyeti vilikuwa vimepanda, picha imepanda, ada ya maombi imelipwa. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu, barua pepe ya mkuu wa idara, maana sahihi ya mwajiri iliruhusiwa kufuata baadaye. Alikaa akiitazama kwa muda mrefu. Halafu akaandika barua pepe ya idara, ambayo inafunguka kwenye simu yake mwenyewe, na moyo wangu ukaruka. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akasoma kwa sauti, kwa sababu ni mtu wa kusoma kila kitu mpaka chini.

"'Ndugu Mkuu wa Idara, mwombaji aliyetajwa hapa amekutaja kuwa msimamizi wake. Umemfahamu mwombaji kwa muda gani?'"

"Tangu azaliwe," nilisema. "Andika."

Hakucheka. Akaendelea kusoma. Waliuliza kama mwombaji ni mwaminifu. Waliuliza kama anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Chini kabisa kulikuwa na mahali pa kubonyeza kuthibitisha, na hapo kidole chake kikasimama.

"Bonyeza," nilimwambia.

"Nikibonyeza, Dada, kesho nitamtazama vipi yule keshia?"

"Keshia atajuaje?"

"Mimi nitajua."

Nilimwambia kila nililokuwa nalo. Nilimkumbusha mkewe na wanawe, nikamwonyesha koti ukutani, nikamwambia ameitunza nyumba ambayo hata chumba hakupewa. Nilimwambia anakuwa mwaminifu kwa watu ambao hawajawahi kuwa waaminifu kwake. Akasema hilo ni kweli. Laiti angebisha ningepata la kushika, lakini alikubali, akabaki palepale. Wifi yangu akapiga simu. Hakuweza kuipokea, akanipa mimi. Aliniuliza kama ameshatuma, nikasema bado. Nikasikia watoto wanacheza nyuma yake, kisha akasema nimwambie tu asijali, akakata.

Alikuwa amemwandikia Meneja ujumbe asubuhi, na mwingine mchana. Jibu lilikuja jua limeshageukia dirisha langu la pili. Meneja aliandika kwamba akirudi wataongea.

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono tu. Ningejua kitufe chenyewe ni kipi ningekibonyeza, akanichukia baadaye apendavyo. Lakini kioo kilikuwa kimejaa maandishi madogo, na macho yangu ya karibu yameisha kwa kutunga uzi. Nikashika tama. Mdogo wangu alikuwa na simu mkononi, kioo chake kinazima, anakigusa kinawaka, kinazima tena. Ilipofika saa ile, ukurasa ukabadilika wenyewe, ukaandika kwamba dirisha limefungwa, asante kwa kuchagua chuo chetu. Aliusoma nao mpaka chini. Kisha akafunga kompyuta, akaukunja waya wake vizuri, akanishukuru kwa umeme.

Mhasibu Mkuu mpya aliripoti mara tu hesabu za mwaka zilipofungwa, na aliyezifunga ni Kaimu. Ni mwanamke, umri wake mdogo kuliko wa mdogo wangu, ana uzamili wa uhasibu na fedha wa chuo kilekile cha masomo ya jioni. Nilitaka kumchukia, nikakosa sababu. Siku moja kabla ya makabidhiano mdogo wangu alipita kwangu, akaulizia lile koti. Nikamwuliza la nini tena. Akasema yeye ndiye atakayemtambulisha mkubwa mpya kwa idara, haifai asimame mbele ya watu amechakaa. Nikalimalizia nikiwa nimeuma meno, nikatia vifungo, nikapiga pasi. Lilimkaa vizuri ajabu. Katika nguo zote nilizoshona ni hilo tu ambalo lilipompendeza mwenyewe nilitamani lisimpendeze.

Keshia ndiye aliyenisimulia makabidhiano yalivyokuwa, siku alipoleta sketi yake kupunguza. Kaimu alikifuta kile kiti mara ya mwisho, akamkabidhi yule mama funguo za kasiki na za chumba cha vioo, akamwomba atie sahihi ya kupokea. Baada ya hapo akavuta kiti chake cha mbao karibu na kioo na kuanza kumfundisha. Alimwonyesha wateja wanaochelewa, mafaili yanayolala kabati lipi, mkaguzi gani anapenda kujibiwa kwa maandishi. Keshia alikuwa anasimulia huku ametazama chini. Alisema pia kwamba barua yake ya onyo ameitunza, na hana kinyongo.

Ni huyo keshia aliyemweleza mkubwa mpya habari za maombi ya chuo. Yule mama alishangaa sana. Alimwita mdogo wangu, akamwambia chuo kinapokea tena awamu nyingine, aombe, mkuu wa idara sasa si yupo. Ujumbe wa chuo ulipoingia kwenye simu ya mama huyo, aliujibu akiwa amesimama, chai mkononi. Meneja naye alitimiza ahadi, akasaini chini yake siku hiyohiyo.

Barua ya kupokelewa ilipotoka, mdogo wangu alikuja mbio kwangu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alinionyesha alivyothibitishwa. Palipoulizwa amefahamika kwa muda gani, mkubwa wake aliandika: tangu nilipoajiriwa. Palipoulizwa kama anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, aliandika kwamba anaweza, na sana. Alikuwa na furaha ya kweli. Ningemvumilia akiwa na huzuni, huzuni yake nimeizoea, lakini furaha ile ilinikata maini.

"Ukimaliza utakuwa nani?" nilimwuliza.

"Nitakuwa na sifa."

"Sifa za kazi gani?"

"Ile ya Mhasibu Mkuu."

"Ile ina mtu."

"Najua, Dada," alisema. "Funguo nilimkabidhi mimi, na alisaini kupokea."

Kisha akanionyesha ratiba ya masomo, akaniambia somo la kwanza ni udhibiti wa ndani na hilo hatasumbuka nalo. Akaniomba nimpunguzie koti kiunoni, amekonda kidogo, na angependa kulivaa siku ya kwanza darasani. Nikamwambia asimame wima, nikachukua chaki nikaanza kumpima, kwa sababu ni hilo tu ninaloweza kumfanyia.